Kabla ya kurusha habari ya taa angani

Mhariri,

Video ya taa angani ikishasambaa WhatsApp, vyombo vyetu vya habari huirusha pamoja na maneno ya aliyeituma, basi. Shahidi hubaki kuchekwa mtaani, na kilichoonekana hakijulikani. Inaudhi, kwa sababu kazi ya kuchunguza taa kama hizi ina njia yake.

Mwanahabari Leslie Kean wa Marekani aliingia katika suala hili kupitia ripoti ya Kifaransa ya mwaka 1999 kuhusu vitu visivyotambulika angani, iliyoandikwa na majenerali wastaafu na wataalamu. Aliwafuata marubani, rada na hati za serikali. Tarehe 16 Desemba 2017, yeye na wenzake wawili wakafichua katika gazeti la New York Times mradi wa Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, wa kuchunguza vitu hivyo, uliogharimu dola milioni 22.

Hapa Mombasa, ripota aanze na saa. Shahidi akisema saa mbili usiku, muulize kama isha ilikuwa imeshaadhiniwa. Kisha andika 20:00, na 17:00 kwa saa ya kimataifa (UTC), maana rekodi za setilaiti hufuata hiyo. Ukikosea hapo umeharibu yote: setilaiti ya intaneti ya Starlink, kilomita 550 hivi juu, huzunguka dunia kwa dakika kama 95 tu.

Halafu mrudishe shahidi pale pale alipokuwa amesimama, aonyeshe kwa mkono: upande wa Nyali au Likoni? Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni takriban digrii 10. Hesabu ngumi kutoka upeo wa macho. Umbali usimuulize. Usiku, kitu usichojua ukubwa wake hakipimiki kwa macho. Ndege inayoshuka uwanja wa Moi, ikikuelekea moja kwa moja, huonekana imetulia tuli dakika kadhaa. Sayari ya Zuhura nayo huwahadaa wengi.

Video itake kwenye simu iliyorekodi. Ikitumwa kama kawaida kwa WhatsApp hubanwa na kupoteza kumbukumbu za saa na mahali. Tena lenzi ya kamera isipofokasi sawasawa, nyota huvimba ikawa kisahani.

Jeshi la Anga la Marekani, katika mradi wake wa kuchunguza vitu hivi, Blue Book, uliofungwa 1969, lilikusanya ripoti 12,618. Ni 701 tu zilizobaki bila maelezo. Hizo 701 ndizo habari, na hazipatikani bila mchujo.

Likibaki swali, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege iandikiwe kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotoa siku 21 za kujibu. Jibu lisipokuja, gazeti lichapishe tarehe lililoomba.

Mtazama nyota,
Tudor, Mombasa