Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wetu na kina Jacqueline, Nyasha na Elizabeth

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kusoma na kuandika hadithi habari zenu, poleni na majukumu. Naanza na mambo ya hela ili yaishe. Ada iliingia vizuri nusu ya kwanza ya mwaka halafu ikalegea, mhazini ameshaweka mahesabu yote na risiti zake kwenye grupu, mwenye swali amtafute kabla ya mkutano mkuu na sio siku ya mkutano. Sehemu kubwa imeenda kwenye vitabu na ukumbi, chai tumechangishana wenyewe na nawashukuru sana mnaokujaga na maandazi.

Sasa nije kwenye usomaji, maana hapo ndo roho yangu ilipo. Mliponichagua niliwaomba kitu kimoja, mwaka huu tusome wanawake walioandika kuhusu afya ya akili, na baadhi yenu mkasema mada nzito hiyo, itafukuza watu. Watu wameongezeka, na waliokuwa wanakaa kimya nyuma ndo wameongea zaidi ya wote.

Sababu yangu ilikuwa hadithi zetu wenyewe, hizi mnazoleta tuhariri kwa ajili ya mkusanyiko wa chama. Nimezisoma zote na karibu kila mahali mwanamke akichanganyikiwa basi hadithi imeisha. Kachukua mume wa mtu, tunamkuta sokoni anaokota makopo. Kamtesa mtoto wa kambo, anavua nguo stendi. Kichaa kinakuja kama adhabu, na tangu kimpate huyo mama hasemi tena hata neno moja, tunabaki tunamwangalia kwa nje kama watu waliosimama kusubiri daladala. Tamthilia za kwenye tivii ndo hivohivo. Mi nilitaka tukae na waandishi waliomwachia mgonjwa mwenyewe aongee, tuone anasema nini.

Tulianza na Mariama Bâ wa Senegal kwasababu kitabu chake tulikipata kwa Kiswahili, Barua Ndefu Kama Hii, kilichotoka kwa Kifaransa 1979 na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Noma, ile ya vitabu vya Afrika. Wengi wanakikumbuka kwa habari ya Ramatoulaye ambaye mumewe anamuoa rafiki wa binti yao. Sisi tulikaa kwa Jacqueline, yule dada wa Kodivaa aliyeolewa na daktari Msenegali, kaacha kwao, wakwe hawamtaki, mume anahangaika na wanawake wengine, na siku moja anaanza kuhisi kitu kimemkaa kifuani kinambana. Anapimwa kila kitu, eksirei, dawa juu ya dawa, ugonjwa hauonekani. Mpaka anafika kwa daktari wa mishipa ya fahamu ambaye anamwambia ukweli, vipimo havina kitu, ni sonona, inatokana na maisha anayoishi, na lazima ajitafutie sababu ya kuishi. Anaanza kupata nafuu kwa kujua tu kinachomsumbua ni nini.

Wasiokuwepo siku ile nataka wajue kilichotokea. Msomaji alipofika kwenye eksirei, mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye tangu ajiunge hajawahi kuchangia, akasema "hayo majibu ya hakuna kitu mi ninayo mfuko mzima nyumbani." Akaeleza alivyozunguka hospitali akipima moyo, akipima vidonda vya tumbo, kila mahali anaambiwa mama wewe mzima nenda kapumzike, na akifika nyumbani wanamwona anadeka. Hakuna aliyemkatisha na hakuna aliyemrushia ushauri, tukamsikiliza mpaka mlinzi wa ukumbi akaja na funguo. Haya naandika kwa ruhusa yake na jina nabaki nalo. Kurasa chache za mwanamke wa Dakar zimemfungua mtu huku kwetu, ndo maana nikiulizwa fasihi inasaidia nini sinaga haja ya kujibu kirefu.

Baada ya hapo Tsitsi Dangarembga, Nervous Conditions ya 1988, hadithi ya enzi zile Zimbabwe ilipokuwa bado inaitwa Rhodesia. Kwavile wengine Kiingereza kinawapa shida tulikuwa tunasoma kipande halafu tunasimuliana kwa Kiswahili, ilichukua muda lakini ilistahili. Nyasha kakulia Uingereza, karudi nyumbani kwa baba ambaye ni mwalimu mkuu na tegemeo la ukoo mzima, kila kitu amri. Analazimishwa amalize chakula mbele ya baba, akimaliza anaenda kukitapika, anasoma usiku kucha, anakonda mpaka anaishiwa nguvu. Kuna usiku anarukwa, anachanachana kitabu cha historia kwa meno anasema ni uongo wao. Halafu wanampeleka kwa daktari wa akili, Mzungu, naye anasema Waafrika hawaugui hivyo, binti anajifanyisha, mrudisheni nyumbani mumkazie.

Hapo ukumbi ulichemka. Maana ile kauli ya daktari mkoloni tunaisikia kila siku midomoni mwa wajomba zetu na mashangazi zetu, kwamba depresheni ni ugonjwa wa Wazungu na watoto wa kishua, sisi tumezoea shida. Na mnachotakiwa kuangalia kama waandishi ni kwamba Dangarembga hakumfanya baba mtu zimwi. Babamukuru, huyo baba yake Nyasha, naye ni mtu aliyebanwa, mishipa imesimama muda wote, anabeba watu kumi na anaogopa kuanguka mbele ya Wazungu waliomsomesha. Nyasha ndo kapasukia pale ambapo nyumba nzima ilikuwa inavuja. Hilo ni fundisho la ufundi, usimtenge mgonjwa na nyumba aliyougulia.

Buchi Emecheta tulimpitia haraka, mwanzo tu wa The Joys of Motherhood, 1979, pale Nnu Ego anakimbia kuvuka Lagos kwenda darajani baada ya kumkuta mtoto wake amekufa. Umati unamshika, unamgombeza, mpaka mtu mmoja anayemjua anasema huyu sio kichaa, kafiwa na mtoto aliyekuwa anaionyesha dunia kwamba yeye sio tasa. Na umati wote unaelewa papo hapo. Ukisoma kurasa zile ujiulize wangapi kwenye hadithi zetu tumewaacha darajani bila mtu wa kusema amefiwa.

Charlotte Perkins Gilman wa Marekani tulimsoma kwa ombi la wanachama wauguzi. Baada ya kujifungua aliugua huzuni, 1887 akapelekwa kwa daktari maarufu wa Philadelphia, dawa ilikuwa kulazwa, kulishwa, kisha kurudi nyumbani akae kimama wa nyumbani na asiguse tena kalamu maisha yake yote. Karibu apotee kabisa. Akaishika kalamu na 1892 hadithi yake ya mwanamke aliyefungiwa kwenye chumba chenye karatasi za njano ukutani ikachapishwa. Wauguzi wetu wametuambia wamama wanaougua baada ya kujifungua bado wanaambiwa wamechezewa au wavivu wa kunyonyesha, kwahiyo naomba nusu mwaka ijayo tupate hadithi hata moja ya mzazi, iliyoandikwa na mtu anayejua wodi.

Aliyetuchukua muda mrefu kuliko wote ni Bessie Head. Alizaliwa 1937 ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mama yake Mzungu alikuwa amelazwa humo, baba ni mtu mweusi. 1964 akaenda Botswana na mtoto wake mdogo, akaishi Serowe, 1971 naye akalazwa hospitali ya akili Lobatse, na 1973 akatoa A Question of Power. Mwanamke wa humo, Elizabeth, tangu yuko shule aliambiwa na mkuu wa shule ajiangalie, mama yake alikuwa kichaa na yeye atakuwa hivohivo. Fikiria mtoto anakua na hiyo hukumu mgongoni. Usiku anatembelewa na Sello na Dan, wanaume wanaokaa chumbani kwake na kumtesa kwa maneno, na mwandishi hakwambii kama wapo au hawapo, unasoma ukiwa ndani ya kichwa cha Elizabeth na huna pa kushika.

Wenzetu wa Tanga na Unguja wakasema wazi, hayo ni mapepo, huyu alitakiwa apungwe. Wauguzi wakasema hapana, hizo dalili wanazijua. Vikao viwili tumebishana, na kuna waliotoka wamenuna, nawaomba warudi. Msimamo wangu niliusema na nauandika hapa, mgonjwa apelekwe hospitali, na yeyote anayetaka kumwombea amwombee akiwa anatumia dawa. Ila kitabu chenyewe hakimalizi huo ubishi, na naona mwandishi alifanya makusudi, maana yeye alichotaka tujue ni mateso yanavyokuwa kwa anayeyapata. Na kinachomrudisha Elizabeth ni pamoja na bustani. Analima mboga na Kenosi, mwanamke wa pale kijijini asiyeongea sana, wanapanda vile vijitunda vya njano vyenye ganda kama karatasi, wanapika jemu. Elizabeth akiwa amelazwa Kenosi anaendelea kumwagilia na kuandika daftari la mauzo kwa herufi zake za kubahatisha. Akirudi anakuta kazi yake ipo. Mi nililia pale kwenye daftari, sioni aibu kusema.

Kuna kijana wetu alisema waandishi wanawake wakubwa mwisho wao ni kujiua, akamtaja Virginia Woolf 1941 na Sylvia Plath 1963. Nilimjibu siku ile na narudia, tusijenge hiyo imani humu. Plath riwaya yake ilitoka Januari mwaka huo kwa jina la bandia, mwezi uliofuata akafariki, na tumepoteza vitabu vyote ambavyo angeviandika. Ugonjwa haukuandika kile kitabu, aliandika yeye siku alizoweza kukaa mezani. Dangarembga yupo hai na 2020 alikuwa kwenye orodha fupi ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza.

Kwahiyo kamati ya uhariri imekubaliana hivi kuhusu mkusanyiko. Hadithi yenye mtu aliyejiua au kujaribu kujiua isieleze njia aliyotumia, hata kidogo, tutaikata. Mhusika aliyeugua akili apewe sauti, na kama ugonjwa wake ni adhabu ya dhambi mwandishi ataitwa tukae naye. Na mkigusa sheria muwe makini, Kenya Mahakama Kuu Januari 2025 ilisema kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kinachomshtaki aliyejaribu kujiua kinapingana na katiba, huku kwetu Tanzania kifungu cha 217 cha kanuni yetu ya adhabu bado kinamhesabu mkosaji, na hilo peke yake ni hadithi inayosubiri mtu wa kuiandika. Chama sio zahanati, mwanachama akizidiwa tunamsindikiza hospitali, wauguzi wetu wawili wamejitolea kuelekeza pa kwenda, namba zao anazo katibu.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi, ukumbi uleule. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi, ningependa achukue mtu chini ya miaka thelathini. Hadithi za mkusanyiko mwisho wa kupokea ni siku hiyohiyo, zilizochapwa au za mkono zote tunapokea, na aliye na nakala ya Barua Ndefu Kama Hii aje nayo, jalada limeshatoka na kuna wanne kwenye foleni.