Shukrani kwa binti wa steshenari, Mwanjelwa

Binti uliyekuwa kwenye steshenari pale Mwanjelwa siku ile ya mvua, jina lako sikukuuliza, na hilo limenikaa moyoni.

Nilikuja na bahasha ya kaki iliyochakaa. Cheti changu cha kuachishwa jeshi kilionyesha niliondoka 1978. Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yaliteka ardhi yetu hadi Mto Kagera, nasi tukaenda. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, bado nilikuwa nimevaa magwanda. Kosa la tarakimu moja tu, lakini kwangu lilifuta vita vyote, pamoja na wenzangu tuliowazika njiani.

Wengine walinijibu, "Mzee, hayo ya zamani." Wewe ulisema, "Shikamoo babu, kaa kwanza." Ukasoma kila karatasi. Ukanieleza kwamba barua ya kuomba marekebisho peke yake haitoshi: niape mbele ya wakili, niambatanishe nakala ya cheti na kitambulisho, namba yangu ya jeshi ikae juu kabisa. Uliichapa barua mara tatu, ukakataa hela.

Rekodi imerekebishwa. Nilirudi kukuonyesha, nikaambiwa umehamia Tukuyu. Ahsante sana, mwanangu. Mama yako amezaa.