"Learnt" si kosa, msiwakate watoto alama

Mhariri,

Ukurasa wenu wa elimu wiki iliyopita uliwaambia wanafunzi kwamba, katika wakati uliopita wa vitenzi vya Kiingereza, "learnt", "burnt" na "spelt" ni makosa, eti waandike "learned", "burned" na "spelled" tu. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia. Hili limenishinda kunyamazia, maana wapo walimu watakaolichukua lilivyo, kalamu nyekundu mkononi.

Yote ni sahihi. Wamarekani hupendelea "-ed". Waingereza huandika yote mawili. Na hiyo "t" ina utaratibu wake. Kwenye "burn", "spell", "smell", "spill" na "spoil", irabu haiguswi, ni sauti ya "d" ya mwisho tu inayogeuka "t". Kwenye "dream", "leap" na "kneel" irabu ndefu hufupishwa: "dreamt" husomwa kwa irabu ya "met", si ya "meet", kwa hiyo wa kusahihishwa ni yule anayeandika "dreamt" akaisoma kwa irabu ndefu. Wala msidhani umbo lisilofuata kanuni ndilo kongwe siku zote. "Dived" (ya "dive") na "sneaked" (ya "sneak") zilitangulia. "Dove" na "snuck" zilianza kuonekana Marekani katika karne ya 19. Hata huko Marekani kwenyewe, mkate ulioungua ni "burnt toast". Na "learned" ya silabi mbili ni neno jingine, maana yake msomi, lile ambalo mawakili huitana mahakamani. Mwanafunzi aliyeambiwa "learned" ndiyo pekee atazisomaje hizo mbili?

Kosa la kweli ni kuchanganya: "learned" aya ya kwanza, "learnt" aya ya tatu, katika insha ileile.

Mkiwa hapo, tazameni na habari zenu za mahakama kwenye toleo la Kiingereza. Mnaandika mfungwa "was hung". Aliyenyongwa ni "hanged"; "hung" ni ya picha na nguo. Kiswahili nacho kinatenganisha kunyongwa na kutundikwa, sasa mnakwama wapi?

Naomba mchapishe masahihisho ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, yakiwa na jedwali la safu mbili: kushoto "-ed", kulia "-t", vitenzi hivyo vinane pamoja na "learn". Chini yake mstari mmoja kwa wasahihishaji: pokea safu yoyote, kata alama pale tu mwanafunzi anaporukaruka kati ya safu kwa kitenzi kilekile.

Msomaji wenu wa siku nyingi