Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa walimu wa biolojia, Bukavu

Ndugu walimu, baba na mama,

Mikutano ilifanyika, mitihani ya majaribio ilisahihishwa, wagonjwa walitembelewa. Hayo mnayajua.

Nije kwenye zile dolari 120 za mafunzo ya Jumamosi tatu juu ya nadharia ya mageuzi, ile ya viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi. Mmesema pesa ya sikukuu imeliwa na samaki wa Darwin, yule mwenye nadharia hiyo. Mimi ndiye niliyependekeza, kamati ikakubali, na hata leo ningependekeza vilevile. Wanafunzi wetu wanakariri "mtu ametoka kwa nyani", Jumapili mchungaji anakanusha, na somo linafia hapo. Nadharia haisemi hivyo. Inasema sisi na sokwe wa leo tuna babu mmoja wa zamani sana, kisha koo zikaachana. Binamu yako hakukuzaa. Na Wakatoliki wenzangu mkumbuke, Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1996 kwamba nadharia hii ni zaidi ya dhana tu.

Samaki tuliwanunua alfajiri kwa wavuvi. Ziwa Kivu lina aina kama 15 za Haplochromis, jamaa wa tilapia, ambazo hazipatikani ziwa lingine. Tuliwalaza kwenye sinia, tukawafungua midomo: huyu ana mdomo mpana wa kumeza samaki wadogo, yule ana vijino vingi vilivyobanana kama msasa, vya kukwangua mwani kwenye mawe. Ndiyo mageuzi yenyewe: jamaa wa ukoo mmoja, midomo tofauti. Mwalimu mmoja wa Kadutu alishika lenzi muda mrefu, kimya, kisha akauliza kama sambaza, yule dagaa wetu wa ziwani, naye ni mzaliwa wa hapa. Hapana, aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Kwangu mimi, swali lile peke yake lilirudisha dolari zote.

Kilichoniumiza ni viti vitupu. Tuko 43. Jumamosi ya kwanza tulikuwa 19, ya pili 12, ya tatu 8. Waliolipa mchango wa dolari 5 ni 16 tu, na baadhi ya waliolalamikia samaki hawamo. Najua mishahara inachelewa, hata wangu. Lenzi nilinunua kwa pesa yangu na sijadai kitu. Tulianza na akiba ya dolari 134, zikaingia 80, zikatoka 120 za mafunzo na 33 za wagonjwa, zimebaki 61.

Mwaka ujao, Mungu akipenda na barabara ikiruhusu, tunatumaini kuwapeleka wanafunzi hifadhi ya Kahuzi-Biega kuona gorila, na pengine kupata darubini.

Mweka hazina amekaa karibu na mlango na daftari lake. Tafadhali mpitie kwake kabla ya soda.