Kadi ya chanjo ilivyotufungulia mlango siku ya mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu chanjo ya mbwa vijijini. Nimelibeba tangu Februari, siku niliyonyeshewa kutwa nzima kati ya Makambako na Njombe, mimi juu ya baiskeli na mbwa wangu nyuma.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ipogolo, Iringa. Kila mwaka nafunga kibanda wiki mbili naenda Songea kwa dada yangu, zaidi ya kilomita 400, nikilala kwenye hema njiani. Mwaka huu nilikwenda na Doa, jike wa kienyeji wa kilo 14. Nimemfungia kreti la soda juu ya keria, ndani nimetandika gunia na magazeti ya zamani. Mlimani anashuka kutembea, maana hata mimi hapo nasukuma. Kwenye mteremko anapanda. Njia hii naipenda pia kwa kuwa haipiti hifadhi ya taifa. Ningeelekea Morogoro ningekutana na Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhi kiasi cha kilomita 50, na mbwa hatakiwi humo. Sina kinyongo na katazo hilo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaobebwa na mbwa wasiochanjwa, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti.

Mvua ilianza saa mbili asubuhi, kilomita chache baada ya Makambako. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo kulowa nilikutegemea. Baridi ndiyo sikuikadiria. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na koti la mvua likishaloa jasho kwa ndani, upepo wa lori moja la mbao unatosha kukutetemesha meno. Ringi ikilowa, raba ya breki haishiki mpaka ifute maji kwanza, basi nikawa naanza kukamata breki mbali kabla ya kona. Ule mstari mweupe wa pembeni niliukwepa, unateleza kama sabuni. Lori likinipita nilishuka kabisa kwenye majani, nikasubiri maji yatue, nikapanda tena.

Doa yeye alikuwa na raha. Baridi ile ilimfaa, akakataa kreti, akakimbia kando yangu kuliko siku zote. Hapo nilikosea. Lami yenye maji hulainisha ngozi ya nyayo za mbwa mpaka kokoto ndogo inamchana. Saa tisa alasiri nikaona anachechemea. Kumwinua mguu, ngozi imebanduka na damu inatoka. Njombe ilikuwa bado kilomita 20 hivi. Na pa kusimamisha hema hapakuwepo: upande mmoja mikaratusi, ambayo chini yake silali kwa kuwa matawi yake hukatika ghafla, upande wa pili bonde lililojaa maji. Nikaacha lami, nikafuata njia ya udongo mwekundu kwenda kijijini, baiskeli nimeibeba zaidi ya kuisukuma.

Watoto ndio walituona kwanza. Doa ameloa, anatetemeka, anachechemea, mate yanamdondoka kwa uchovu. Mmoja akapiga kelele, "Kichaa! Mbwa kichaa!" wakatawanyika, na vijana wawili wakatoka na mawe mkononi. Siwalaumu. Nilisimama mbele ya mbwa wangu, nikawaomba wanipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, kama nifanyavyo kila ninakolala, maana mgeni asiyejulishwa kwa uongozi ni mgeni wa mashaka.

Mwenyekiti hakuwepo. Alitoka mkewe, mama wa makamo, kitenge kichwani. "Kamwene," nikamsalimu. Aliitikia, ila macho yalikuwa kwa mbwa.

"Kachanjwa huyo?"

Nikamwambia amechanjwa.

"Nani anajua?"

Nikatoa bahasha ya nailoni shingoni, ndani kadi yake: tarehe, muhuri, sahihi ya afisa mifugo. Aliisoma yote, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Kisha akawaambia wale vijana waweke mawe chini, akaniambia, "Mlete jikoni, baba, kuna moto."

Usiku ule, tukila viazi na chai ya tangawizi, alinieleza. Mdogo wake wa mwisho aliumwa na mbwa akiwa na miaka tisa. Kidonda kilikuwa kidogo, kwenye kifundo cha mguu. Wakakipaka majivu, kikapona. Miezi miwili baadaye mtoto akashindwa kunywa maji, kila kikombe kikiletwa anaruka kwa hofu. Hakumaliza wiki. Alinisimulia huku amemshika Doa mguu, anamkausha kwa kipande cha gunia, na mimi sikupata la kumjibu.

Ndugu Mhariri, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna dawa ya kumrudisha mtu. Kabla ya dalili ipo nafasi: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku hiyohiyo mtu aende hospitali akachomwe chanjo, hata kama ni mkwaruzo tu. Na wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Pale kijijini niliuliza. Mbwa wapo wengi, waliochanjwa karibuni hawapo. Afisa mifugo aliwahi kuja na pikipiki na kisanduku cha barafu, ila ilikuwa Januari. Njia ile ya udongo ilimkwamisha, akafika jioni, watu wakiwa shambani bado. Mbwa mtu anachanja wangapi hapo?

Ninachoomba ni hiki: kazi hii ifanyike kiangazi, imalizike kabla ya Novemba, njia zikiwa kavu. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, wakati mzuri kabisa kwa huku kwetu. Itangazwe makanisani na misikitini wiki mbili kabla, ifanyike siku ya gulio, na kila mwenye mbwa aondoke na kadi mkononi. Kadi hiyo si karatasi ya bure. Bila hiyo mimi ningesema nini mbele ya yale mawe?

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Viatu nilivyovijaza magazeti usiku kucha vilikuwa vimekauka nusu. Nyayo za Doa nilizifunga kitambaa, juu yake vipande vya tyubu, akakaa kwenye kreti bila ubishi. Mwenyekiti, aliyerudi usiku, alinipa karatasi ya daftari yenye majina ya kaya 17 zenye mbwa, akaomba niifikishe kwa afisa mifugo. Niliikabidhi siku hiyohiyo kabla ya kutafuta chai. Februari ijayo nitapita tena pale, na nitauliza.

Fundi baiskeli,
Ipogolo, Iringa