Mla nyama wa Tendaguru

Mtanda, Lindi

Shoga yangu Somoe,

Barua yako imefika, na swali la Hashimu nimelisoma. Unasema tangu aone ile filamu ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, hakulaliki humo ndani, anataka kujua kama huku kwetu alikuwepo mla nyama, au tulikuwa na wale wa shingo ndefu tu. Mwambie alikuwepo, tena mkubwa. Ila mabaki aliyotuachia ni haba.

Unajua Wajerumani walichimba mifupa yao Tendaguru, kile kilima cha huku Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913. Jasho lilikuwa la wenyeji, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na mifupa ikabebwa kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini hapa Lindi, zaidi ya tani 200. Humo ndimo alimotoka yule mrefu aliyesimamishwa Berlin, kichwa kikiwa juu ya mita 13. Wala majani ndio waliojaza masanduku. Mla nyama mkubwa kaacha meno na pingili chache za mkia, na pingili hizo zilikaa makumbusho ya Berlin mpaka 2011, ndipo mtaalamu mmoja, Oliver Rauhut, akazipa jina la Veterupristisaurus. (Hashimu akiweza kulitamka mara moja bila kukwama, nina zawadi yake.) Urefu wa mnyama mwenyewe unakadiriwa mita 8 hadi 10. Uchache huo haunishangazi. Hata leo porini nyati ni wengi, simba wa kuhesabu.

Sasa pingili za mkia hazikwambii mnyama alikuwa akiwindaje. Tabia zake inabidi tuziulize kwa jamaa yake wa Marekani, Allosaurus, aliyeishi zama zilezile, miaka kama milioni 150 iliyopita, na ambaye mifupa yake imepatikana kwa wingi. Hapo ndipo nilipofurahi, shoga, kwa sababu anayotuambia siyo yale ya kwenye filamu. Mwaka 2001 Emily Rayfield na wenzake wa Uingereza walilipima fuvu lake kwa kompyuta, wakaona taya zake ziliuma kwa nguvu ndogo kuliko za simba. Lakini fuvu lenyewe lilikuwa imara kupita kiasi, lingestahimili kishindo kikubwa mara nyingi kuliko nguvu ya kuuma kwake. Uchunguzi mwingine wa 2013, wa misuli ya shingo, ukaonyesha kwamba akishadaka nyama aliishikilia, kisha akairudisha shingo nyuma na juu kwa nguvu mpaka ikanyofoka. Umemwona mwewe akimla kifaranga juu ya paa? Hivyo hivyo. Hakutafuna mifupa, alinyofoa nyama.

Na alikuwa akiumia sana. Yupo Allosaurus mmoja aliyepatikana Wyoming, hukohuko Marekani, mwaka 1991, hajamaliza hata kukua, ana mifupa 19 iliyovunjika au kuingia usaha, na kidole kimoja cha mguu kilioza vibaya. Mwingine ana tundu kwenye mfupa wa mkia linaloingiana kabisa na mwiba wa Stegosaurus, mla majani mwenye miiba mkiani. Huku kwetu mwenye miiba alikuwa Kentrosaurus, mkia wake wote silaha. Kwa hiyo mimi siamini kwamba mla nyama wetu aliamka kila asubuhi kwenda kupigana na jitu la tani 30. Angekufa njaa, au angekufa kwa kukanyagwa. Naona aliwavizia watoto, wagonjwa na waliobaki nyuma, na akipata mzoga hakuringa.

Mazingira yenyewe yalimsaidia. Tendaguru ya wakati ule ilikuwa karibu na bahari: maji ya chumvi yaliyotulia, ufukwe wa matope unaofunikwa na kufunuliwa na maji kujaa na kupwa, na misitu ya miti kama misonobari kwa upande wa bara. Kiangazi kilikuwa kikali. Wachimbaji walikuta miguu ya baadhi ya majitu imesimama wima ardhini, dalili kwamba walinasa topeni wakashindwa kutoka. Mnyama wa namna hiyo hahitaji kuwindwa, anasubiriwa tu. Meno ya wala nyama yalidondoka kwa urahisi wakila, na mengine yakaota mahali pake, ndiyo maana tunayaokota mengi kuliko mifupa yao.

Kuhusu kuwinda kwa makundi, wataalamu bado wanavutana. Kuna machimbo ya Utah yaliyotoa Allosaurus wasiopungua 46, wengine wanasema ni kundi, wengine wanasema kila mmoja alifuata mizoga kwa wakati wake. Mimi niko na hawa wa pili. Kule Colorado zimepatikana alama za meno hata kwenye mifupa ya Allosaurus wenyewe, na anayeelekea sana kuwa mlaji ni mwenzao. Hiyo mwambie Hashimu mchana, siyo usiku.

Korosho nimempa dereva wa basi la Alhamisi, kapokee Mbagala. Msalimie shemeji.

Wako,
Zuhura