Bakteria wa kuzuia meno kuoza wasiingizwe nchini kwa jina la kipodozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie bakteria aliyebadilishwa vinasaba, anayetangazwa mitandaoni kuwa ukipakwa mara moja kwenye meno utaepukana na kuoza kwa meno. Hapa Arusha nimekwisha kuulizwa na wazazi wawili watatu kama bidhaa hiyo inaweza kuagizwa, na mmoja wao alitaka kumpaka mwanawe ambaye hajafikisha miaka mitano.

Sayansi yake si ya kubezwa. Jino huoza kwa sababu bakteria walio kwenye utando wa meno, hasa anayeitwa Streptococcus mutans, hula sukari tunayokula na kutoa asidi ya laktiki, ambayo huyeyusha gamba gumu la jino kidogo kidogo mpaka likatoboka. Mtafiti Jeffrey Hillman, wa Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani, alimpata bakteria wa jamii hiyo hiyo mwenye uwezo wa kutoa mutasini 1140, kemikali inayoua ndugu zake na kumwachia nafasi mdomoni. Kisha aliondoa jeni linalotengeneza asidi hiyo, akaweka jeni la bakteria mwingine, Zymomonas mobilis, ambaye hupatikana pia katika tembo la mnazi. Kwa mabadiliko hayo sukari hugeuka kuwa kiasi kidogo sana cha kileo badala ya asidi. Katika panya bakteria huyo alionekana kupunguza sana kuoza kwa meno, na ninaona hiyo ni kazi kubwa ya kitaalamu inayostahili kuendelezwa.

Lakini panya si binadamu, na hapo ndipo habari inapokatikia. Kampuni ya Oragenics, aliyoianzisha Hillman, ilipoomba kuwajaribu watu katika miaka ya 2000, mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka masharti makali, kiasi kwamba watu wa kujitolea waliotimiza masharti hayo walipatikana kwa shida mno na jaribio halikufika mwisho. Jambo ambalo matangazo hayalisemi ni kwamba bakteria aliyetengenezwa kwa ajili ya jaribio lile alikuwa ameongezewa kizuizi: alihitaji kirutubisho maalumu kilichotolewa kwa dawa ya kusukutua, na akikikosa alikufa. Wataalamu wenyewe, basi, waliona haja ya kuwa na njia ya kumwondoa. Kampuni nyingine, Lantern Bioworks, ilianza kumtangaza bakteria huyo mwaka 2023 kwa jina la Lumina, kwanza kwa dola 20,000 huko Próspera, nchini Honduras, na mwaka uliofuata kwa dola 250 nchini Marekani, ikimuuza kama kipodozi na si dawa. Huyu anayeuzwa hana kizuizi kile.

Neno kipodozi ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu hapa kwetu lina uzito wa kisheria. Tangu mwaka 2019 dawa zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Bidhaa ikiandikwa kipodozi inaweza kupita mlango usiouliza maswali ya majaribio ya kitabibu, ilhali kilichomo ni kiumbe hai. Tunazo kanuni za mwaka 2009 za usalama wa bioteknolojia ya kisasa, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalipojaribiwa Makutupora, Dodoma, yalipandwa katika shamba lililozungushiwa uzio. Sioni sababu ya bakteria anayeishi mdomoni kupewa uhuru ambao mahindi hayakupewa.

Tena mdomo wa mtu mmoja si wake peke yake. Inafahamika kwamba watoto wengi hupata Streptococcus mutans kutoka kwa mama au mlezi, anapoonja uji kwa kijiko kile kile au kumtafunia mtoto nyama. Kwa mtu mzima, ambaye mdomo wake umekwisha kujaa bakteria wake, huenda uhamaji ukawa mgumu, lakini mtoto anayeota meno bado ana nafasi tupu. Mama akijipaka, amemwamulia pia mtoto, na pengine bibi na yaya, bila yeyote kati yao kuulizwa.

Kuna hatari nyingine inayotuhusu sisi wa mikoa hii kuliko wengine. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru, na baadhi ya maeneo ya Kilimanjaro, yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi tunayopikia maharage na makande huongeza. Meno ya kahawia tuliyo nayo wengi hayatokani na bakteria. Ni athari ya floraidi wakati jino linajengwa utotoni, kabla halijachomoza. Hakuna bakteria, aliyebadilishwa au asiyebadilishwa, atakayeyafanya kuwa meupe. Naogopa sana kwamba mfanyabiashara atawauzia vijana wanaoona haya kucheka hadharani bidhaa isiyohusiana kabisa na tatizo lao, nao watakopa ili wainunue. Fedha hizo zingefaa zaidi katika kuchuja maji. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na bado kaya nyingi za Arumeru hazijafikiwa na teknolojia hiyo.

Kwa hiyo naomba TMDA, TBS na Ofisi ya Makamu wa Rais inayosimamia usalama wa bioteknolojia watoe tamko la pamoja, kwa Kiswahili, kwamba bakteria yeyote aliyebadilishwa vinasaba kwa ajili ya kuwekwa mdomoni atahesabiwa kuwa dawa, hata kama chupa yake imeandikwa vinginevyo, na kwamba hataruhusiwa kuuzwa kabla ya majaribio kwa binadamu kukamilika. Tamko hilo lifike katika viwanja vya ndege vya KIA na Arusha pamoja na mpaka wa Namanga, kwa kuwa chupa ndogo kama hiyo haihitaji kontena. Inatosha kwenye mfuko wa koti.

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Usa River, Arusha